MREJESHO: Jupyter ndani ya kontena imekubali, na kazi haipotei tena

Wakuu habari zenu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza mbona Jupyter (programu ya kuandika na kuendesha kodi kwenye brauza) naiwasha ndani ya kontena la Docker (kama boksi la programu lililojitenga ndani ya mashine), terminali inaonyesha iko hewani na tokeni ya kuingilia inanipa, ila nikienda kwenye brauza hamna kitu.

Kumbe ni kweli mlivyosema, ilikuwa inasikiliza 127.0.0.1 (anwani ya mashine kujiita yenyewe) ya kontena lenyewe na hiyo siyo ya laptop yangu, kila kontena lina mtandao wake. Nikaiwasha na --ip=0.0.0.0 (isikilize anwani zote za kontena), halafu kwenye docker run, amri ya kuwasha kontena, nikaweka -p 127.0.0.1:8888:8888, yaani mlango 8888 wa laptop uende kwenye 8888 wa kontena, ila kwa laptop yangu tu, ili wengine kwenye waifai moja wasiifikie, ikafunguka hapo hapo.

Lililoniuma zaidi ni jingine. Nilikuwa naweka --rm kwenye docker run, nikazima usiku, asubuhi notibuku (faili ya kazi ya Jupyter) ya siku mbili haipo, maana kontena likisimama linafutwa na vyote vilivyomo, aisee nilikaa tu naangalia skrini. Sasa folda ya kazi naipachika kwa -v "$PWD":/kazi na notibuku zote nazisevu humo humo, kontena nalifuta nikitaka na faili zinabaki kwenye mashine.

Na maktaba za Python sizishushi tena kwa amri ya pip ndani ya seli ya notibuku, naziandika kwenye Dockerfile (faili ya maelekezo ya kujenga imeji, yaani kiolezo cha kontena) na toleo kabisa, mfano pandas==2.2.2. Mwenzangu kajenga imeji hiyo kwake jana, jedwali limetoka lile lile.

Aliyenielekeza hiyo 0.0.0.0, Mungu akubariki sana mkuu.