Re: Laptop imegoma mfumo mpya na ofisi wanasubiri fomu

Dada wa Makambako (Leeds):
Kamwene ndugu zangu. Ofisi ya chuo wamenirudishia ile fomu ya vifaa, eti Windows 10 hawaipokei tena kwa vile muda wake uliisha 14 Oktoba 2025. Laptop yangu ni ya mtumba, i5 kizazi cha 7, RAM 8GB, nzima kabisa, ila nikipandisha Windows 11 inagoma. Jirani ananiambia nipige Linux Mint, mfumo mwingine wa bure unaokaa badala ya Windows. Swali langu ni moja tu, kuna aliyewahi kujaza Linux kwenye fomu za namna hii wakampokea? Mwisho Ijumaa jamani.

Mwana Tukuyu (Hamburg):
Pole dada. Usikimbilie Linux, ingia kwanza BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uangalie TPM, sehemu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, nyingi zinakuja imezimwa, kwenye Intel utaiona kama PTT, kwenye AMD ni fTPM. Ya kwangu iligoma hivyohivyo, nikawasha PTT ikapita.

Mnyalukolo (Minneapolis):
Kaka Tukuyu tuwe tunasoma kabla ya kujibu, kasema kizazi cha 7. Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha 8, ukitoa prosesa chache sana za 7 na i5 ya laptop haimo, kwa hiyo hata awashe hiyo TPM usiku kucha haipiti. Na msimwambie aruke ukaguzi kwa Rufus, ile programu ya kutengeneza flashi ya kusakinishia, inawezekana, lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine iliyorukishwa na hao ofisini wanachotaka ni masasisho hayohayo. Halafu Windows 10 haijafa kabisa, kuna ESU, mpango wa Microsoft wa kuongeza muda, ukijisajili unapata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Mint nayo dada iwashe kwanza kwenye flashi bila kufuta kitu, kaa nayo jioni nzima, wifi inashika? sauti? kamera? ukiifunika ikalala, inaamka? Wifi isipoonekana fungua terminal andika lspci -nn, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, uijue chipu, Broadcom na baadhi ya Realtek ndizo zinazosumbua, hapo unaunga simu kwa waya wa USB unawasha tethering, mashine itumie intaneti ya simu, unashusha draiva.

Fundi Mwanjelwa:
Shikamooni wakubwa, mimi niko huku nyumbani Mbeya, mashine mnazotuma zinaishia mezani kwangu. Vijana wa chuo cha MUST wanakuja nazo tupige windo, inasema hakuna diski, mtoto anajua SSD imekufa kumbe kwenye BIOS imewekwa RST au VMD, namna za Intel za kuendesha diski zinazodai draiva yake. Ukiweka AHCI, ile namna ya kawaida, diski inaonekana, au unaweka draiva ya RST kwenye flashi unaipakia palepale. Ila nawaomba sana, kabla hujagusa BIOS chukua namba ya BitLocker, kufuli la Windows kwenye diski, ile ya tarakimu 48, uiandike kwenye karatasi, bila hiyo vitu vyako vimekwenda na mimi sina la kukusaidia. Na zile mtumba zilizotoka maofisini zinakuja zimefungwa nywila ya BIOS, mwambieni muuzaji aitoe mbele yenu kabla hamjalipa, mzazi kashalipia usafirishaji halafu mwanae anakaa na chuma. Na nitumieni modeli kamili kabla ya kununua, msiniandikie "HP nyeusi".

Mwana Tukuyu:
Mnyalukolo punguza ukali, humu wapo wengi wenye kizazi cha 8 na PTT itawasaidia. Fundi umenigusa, huku parachichi nanunua moja moja na kule Rungwe yanaoza chini ya mti. Sisi tuliochukua pasipoti za huku tungepewa uraia pacha mimi ningeshafungua duka hapo Kabwe, mashine zote zimekaguliwa, mtu anachukua yenye wifi inayoshika. Hadhi maalumu ya diaspora sawa, lakini kura hatuna.

Mnyalukolo:
Uraia pacha una uzi wake, tafadhali. Na usiwape watu matumaini ya PTT bila kuwaambia waangalie prosesa kwanza.

Dada wa Makambako:
Asanteni, Mungu awabariki. Mint imewaka kwenye flashi, wifi na kamera safi, sauti ndiyo haitoki.

Fundi Mwanjelwa:
Dada fungua mipangilio ya sauti, uone kama imechagua HDMI badala ya spika. Ikigoma nitumie modeli na picha ya lspci, nipo dukani mpaka saa 2 usiku.