Kijana wa bima

*Bibi:* Wanangu, kuna kijana amepiga simu. Anasema kadi yangu ya bima ya afya inafungwa leo saa kumi nisipoihakiki. Nimemsomea namba ya kadi, sasa anataka tarakimu 6 zilizoingia kwenye meseji. Nimpe?

*Shangazi:* USIMPE MAMA!!!

*Shangazi:* Mama umesoma? Usimpe

*Baba Mdogo:* Jamani Mama, si tulishasema humu humu? Namba usiyoijua huipokei.

*Bibi:* Lilitokea jina la bima, si namba. Na usinifokee, nimekuzaa mimi.

*Mimi:* Shikamoo Bibi. Baba Mdogo, siku hizi hata jina linaghushiwa. Tapeli anaweza kufanya simu ionyeshe namba ya bima yenyewe. Angepokea yeyote.

*Bibi:* Marahaba mjukuu wangu. Wewe unajua kusema na watu.

*Baba Mdogo:* Haya, samahani Mama.

*Mimi:* Bado yuko hewani?

*Bibi:* Yupo, nimemwambia natafuta miwani. Kasema nisikate na nisimwambie mtu, eti faili ni la siri.

*Shangazi:* Faili la siri la nani tena? Mkate huyo!

*Bibi:* Nimemkata. Ila alikuwa na adabu, kila neno "mama yangu, mama yangu".

*Shangazi:* Ndiyo mtaji wake huo 😂

*Baba Mdogo:* Basi Mungu mkubwa, hajachukua kitu. Yameisha.

*Mimi:* Hayajaisha, Baba Mdogo. Namba ya kadi anayo. Zile tarakimu 6 zingemwingiza kwenye akaunti, lakini hata namba peke yake ina kazi. Akishirikiana na kituo cha matibabu kisicho na haya, wanadai malipo ya vipimo ambavyo Bibi hakufanyiwa. Siku anaumwa kweli, anaambiwa kiwango chake cha mwaka kimekwisha. Na yale magonjwa ya kubuni yanabaki kwenye kumbukumbu zake, daktari mwingine akisoma anaamini.

*Bibi:* Yaani niandikwe nina kisukari? Mimi?

*Mimi:* Inawezekana kabisa. Ndiyo maana tuwahi. Geuza kadi, nyuma kuna namba ya huduma kwa wateja. Piga hiyo, usirudi kwenye ile iliyokupigia. Waambie namba imeangukia kwa matapeli, wakupe kadi mpya, na uombe orodha ya madai yote yaliyolipwa kwa jina lako.

*Bibi:* Maandishi yenyewe kama mayai ya chawa. Ngoja.

*Bibi:* 📷 Picha

*Shangazi:* Mama umetutumia kadi yote humu!!

*Mimi:* Bibi, ibonyeze hiyo picha bila kuachia, kisha chagua kufuta kwa wote. Humu kuna watu hata mimi siwajui.

*Bibi:* Imefutika. Nani kawaingiza hao?

*Baba Mdogo:* 🙈 Nitawapunguza. Mama, nakuja nikusomee hiyo namba.

*Bibi:* Njoo. Ila ukija usianze tena kunifokea. Mkinifokea, siku nyingine nitanyamaza, halafu mtajua wenyewe.

*Shangazi:* Hakufokei mtu Mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa.

*Bibi:* Wanangu, kapiga mwingine. Mwanamke. Anasema ni wa kitengo cha kukamata matapeli, anajua nimepigiwa leo, nipakue programu aisafishe simu yangu.

*Mimi:* Walewale, Bibi! Ukiipakua anaweza kuona kila unachoandika, hata neno la siri la benki. Wakishindwa kwa mlango wa kwanza hurudi wakijifanya waokoaji.

*Bibi:* Nilijua. Kajuaje nimepigiwa, na sijamwambia mtu ila nyie? Nimemwambia asubiri, mwanangu mkali yuko njiani.

*Baba Mdogo:* Niko mlangoni, nipe hiyo simu!

*Bibi:* Kakata mwenyewe.