Mashirika ya ndege, nauli zetu mlizokalia tangu 2020 mtazirudisha lini?

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite kimya kimya.

Leo asubuhi nimepokea barua pepe ya matangazo kutoka shirika moja la ndege: tumekukumbuka, karibu tena angani. Mmenikumbuka? Nauli yangu ya Aprili 2020 mnayo mpaka leo, halafu ndiyo mnanikumbuka?

Nisimulie kidogo ili tuelewane. Januari 2020 nilikata tiketi ya kwenda na kurudi, safari ya Aprili, harusi ya dada yangu. Nililipa yote kwa mkupuo kwa sababu wakala alinitisha kwamba bei inapanda. Machi 11 Shirika la Afya Duniani likatamka kuwa Korona sasa ni janga la dunia nzima, usiku uleule Marekani ikatangaza kuwazuia wasafiri wanaotoka Ulaya, na wiki chache baadaye karibu kila nchi ilikuwa imefunga mlango wake. Safari yangu ikafutwa. Hapo sina ugomvi na mtu, ugonjwa ni ugonjwa.

Ugomvi unaanzia kwenye ile mistari miwili niliyoandikiwa: safari imefutwa, thamani ya tiketi yako tumeigeuza kuwa vocha, itumie ndani ya miezi 12. Hakuna aliyeniuliza kama naitaka hiyo vocha. Vocha ya kupanda ndege isiyoruka, kwenda nchi isiyofunguliwa! Bora wangenipa ufunguo wa nyumba isiyo na mlango.

Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki dakika 40, laini ikakatika. Nikaandika, nikajibiwa na mashine. Shirika likasema niongee na wakala, wakala akasema pesa iko kwa shirika, nikapigwa danadana hadi Aprili 2021 vocha ikafa, na kule niendako mipaka bado imefungwa. Nilipopiga kelele wakaniongezea miezi 6 "kwa hisani". Hisani! Hela yangu mwenyewe nafanyiwa hisani. Miezi 6 nayo ikaisha, mipaka ileile. Dada yangu sasa ana watoto wawili na mimi sijawahi kukanyaga kwake.

Na msiniambie ilikuwa bahati mbaya yangu peke yangu. Shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, lenyewe lilikadiria mwaka 2020 kwamba tiketi za safari zilizofutwa ambazo abiria wangeweza kudai zinafika dola bilioni 35. Likaziomba serikali ziruhusu tulipwe vocha badala ya fedha taslimu, kwa hoja kwamba wakiturudishia wote watafilisika. Someni hapo taratibu. Maana yake ni kwamba mimi na wewe tuliwakopesha mashirika ya ndege bila riba, bila dhamana, na bila kuulizwa. Benki ingekubali mkopo wa namna hiyo?

Sheria zilikuwepo. Kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inasema safari ikifutwa abiria arudishiwe nauli ndani ya siku 7, na vocha ni mpaka yeye mwenyewe akubali. Tume ya Ulaya ilirudia msimamo huo Mei 2020. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliwakumbusha mapema, Aprili 2020, kwamba janga haliwaondolei deni. Na bado ilibidi kungojea hadi Novemba 2022 wizara hiyo itangaze kwamba mashirika 6 yamebanwa na kurudisha zaidi ya dola milioni 600. Miaka miwili na nusu, tena huko kwenye sheria zenye meno! Mwenye tiketi ya kati ya nchi zisizo na sheria hiyo alimlilia nani?

Najua watetezi wako njiani, kwa hiyo niseme kabla hawajafika: ndiyo, hali ilikuwa mbaya. Abiria duniani walishuka kutoka bilioni 4.5 mwaka 2019 hadi bilioni 1.8 mwaka 2020. Aprili 2020 safari za kimataifa zilikaribia sifuri. Uwanja wa Orly pale Paris ulifungwa kuanzia Machi 31 hadi Juni 26. Heathrow ya London ilitoka abiria milioni 80.9 ikaangukia milioni 22.1. Uwanja wa ndege hauwezi kuzimwa kama taa: zimamoto lazima wawepo zamu zote, njia ya kurukia itunzwe, ndege za mizigo zinatua na dawa na barakoa, huku ada za abiria, kodi za maduka na maegesho vyote vimekauka. Ndege zilipangwa jangwani, Teruel kule Uhispania na Alice Springs kule Australia, injini zimefunikwa, mirija ya kupimia mwendo imezibwa wadudu wasijenge humo. Shirika la Flybe la Uingereza lilikufa Machi 2020, Avianca na LATAM za Amerika Kusini wakakimbilia mahakamani Mei kuomba kinga dhidi ya wadai. Hayo yote nayajua na siyabishi.

Lakini kilio chao kilisikika! Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 25 kwa ajili ya mishahara ya mashirika ya abiria peke yake, Machi 2020, na mikopo juu yake. Ujerumani ikaiokoa Lufthansa kwa euro bilioni 9. Ufaransa ikatoa euro bilioni 7 kwa Air France. (Mingine ilikuja kulipwa, sawa, nawapa hiyo.) Swali langu ni dogo tu: aliyekuja kuniokoa mimi ni nani? Serikali inawapa kodi yangu, mimi nimeshawapa nauli yangu, na mkononi nina vocha iliyokufa.

Sasa njooni kwenye kinachoniuma kuliko hata hela. Hizo fedha za umma zilitolewa ili wafanyakazi wasifukuzwe. Muda wa masharti ulipokwisha, Oktoba 1, 2020, mashirika ya Marekani, American na United, wakawasimamisha kazi watu zaidi ya 32,000 kwa siku moja, hadi zilipotoka fedha nyingine ndipo wakaitwa tena. Marubani wenye umri walishawishiwa wastaafu mapema. Kule Australia, shirika la Qantas liliwaondoa wafanyakazi wa huduma za uwanjani wapatao 1,700 na kazi yao ikapewa makampuni ya nje. Kesi ilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, na Septemba 2023 ikathibitishwa kwamba walivunja sheria.

Halafu 2022 mipaka inafunguka, watu wanataka kwenda kuzika, kuoa, kuona wazazi, na viwanja vinashangaa. Vinashangaa nini? Mpakia mizigo humwokoti barabarani leo ukamwingiza kwenye maegesho ya ndege kesho. Lazima historia yake ichunguzwe, apewe kitambulisho cha usalama, afundishwe, na hayo yanakula wiki hadi miezi. Rubani aliyekaa siku 90 bila kuruka na kutua angalau mara 3 haruhusiwi kubeba abiria mpaka arudishwe kwenye mstari, na foleni ya mashine za mafunzo ilikuwa ndefu. Na yule jamaa aliyekuwa anabeba masanduku usiku kwenye baridi kwa mshahara wa kubahatisha, mlipomfukuza alipata kazi ghalani, analala kwake usiku, hana mpango wa kurudi. Mlitegemea awasubiri mlangoni na sare yake?

Ndipo tukaona vituko. Tiketi ziliuzwa kama njugu kwa safari ambazo walijua hawana watu wa kuzihudumia. Julai 2022 Heathrow ikaweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku na kuyaomba mashirika yaache kuuza tiketi za kiangazi. Shirika la Delta likarusha ndege kubwa, Airbus A330, kutoka Heathrow hadi Detroit bila abiria hata mmoja, ndani yake masanduku 1,000 yaliyoachwa nyuma na safari za wenyewe. Sanduku linasafiri peke yake na ndege nzima, mimi mwenye vocha naambiwa hakuna nafasi! Mwaka huo mizigo milioni 26 ilipotea, ilichelewa au iliharibiwa duniani. Langu lilikuwa mojawapo, safari nyingine, shirika jingine, siku 11. Simalizii hiyo hadithi, shinikizo la damu litapanda.

Serikali nazo zisijifiche nyuma ya mashirika. Kanuni zao zilibadilika kama upepo. Agosti 2020 Uingereza ilitangaza Alhamisi usiku kwamba anayetoka Ufaransa kuanzia Jumamosi saa 10 alfajiri atakaa karantini siku 14. Watu waliokuwa ufukweni wakawa wakimbizi wa tiketi, na bei zilipanda saa hiyohiyo. Kipimo cha Korona, PCR, kilitakiwa kisizidi saa 72, ndege ya kuunganisha inachelewa, kipimo kinaisha uhai ukiwa kwenye benchi la uwanja. Yule binti wa kaunta, ambaye kampuni yake inapigwa faini akikupandisha na karatasi pungufu, ndiye aligeuzwa afisa wa mpakani na daktari. Tulimtukana sana. Hakustahili.

Na ile ya Novemba 2021 sitaisahau. Wanasayansi wa Afrika Kusini wanagundua aina mpya ya kirusi cha Korona, Omicron, wanaiambia dunia kwa uungwana, siku mbili hazijapita nchi yao na majirani zake zimepigwa marufuku ya ndege. Abiria 624 walitua Amsterdam kutoka Johannesburg Novemba 26, wakawekwa kwa saa nyingi, 61 wakakutwa na Korona. Baadaye Waholanzi wenyewe wakagundua Omicron kwenye sampuli zao za Novemba 19 na 23, kabla ndege hizo hazijatua! Kirusi kilishaingia sebuleni, wao wanakomea geti. Guterres wa Umoja wa Mataifa aliita hayo ubaguzi wa rangi wa usafiri. Uingereza ililegeza katikati ya Desemba, Marekani ikangoja hadi Desemba 31. Waliokuwa na tiketi za Krismasi? Vocha.

NYONGEZA: Mkuu mmoja kaniambia inbox kwamba janga ni nguvu nje ya uwezo wa binadamu, kwa hiyo mkataba umekufa na sina haki. Mkuu, mkataba ukifa kila mtu anachukua chake. Mimi sikupanda ndege, wao wabaki na hela kwa lipi? Kufidiwa usumbufu sijaomba, nimeomba nauli.

NYONGEZA 2: Wenye kesi kama yangu wekeni hapa: mwezi uliofutiwa safari, mliambiwa nini, vocha iko hai au imekufa. Na waliofanikiwa kuyapinga malipo kupitia benki iliyotoa kadi watueleze walipitia njia gani, na ndani ya muda gani. Mimi nilikwenda nimechelewa, nilikuwa bado nasubiri ile miezi 6 ya hisani.