Zamu ya Jumapili na Misa

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Jumapili naingia kazini alfajiri, natoka usiku. Amri ya kusali Misa kila Jumapili naitimizaje? Na rozari kila siku inaishia njiani.

Jibu: Milele amina. Misa ya Jumamosi jioni inahesabika, hata ikiwa ya ndoa (kanuni 1248 ya Sheria za Kanisa Katoliki). Ukitoka kazini moja kwa moja kwenda Misani, chunga kufunga, yaani kutokula: muda wa saa moja unahesabiwa hadi kukomunika, si hadi Misa kuanza. Maji na dawa ruksa.

Jibu: Rozari inakatika kwa sababu unaiacha hadi kitandani, usingizi unakukatiza! Igawe yale makumi yake matano (kila kumi ni Salamu Maria kumi): makumi mawili njiani, matatu mapumzikoni. Kila kumi dakika nne hivi.

Jibu: Na Jumamosi ikishindikana? Mwone paroko, anaweza kukuondolea wajibu huo (kanuni 1245).