Tupeane uzoefu: mliowahi kuishi au kuandamana na Wasahrawi ughaibuni

MwanaTanga: Nimeona bendera ya Sahara Magharibi, nchi ya Wasahrawi, imening'inia kwa jirani hapa Bilbao, Hispania, nikakumbuka mbali. Nani mwenzangu?

Binti Ilala: Mimi! Kila Novemba huwa wanakwenda Madrid kuandamana kwa sababu ya ile tarehe 14, mwaka 1975, Hispania iliyokuwa ikiwatawala ilipowakabidhi kwa Moroko na Mauritania bila kuwauliza. Tulipanda basi usiku. Kina mama na melhfa zao, yale mashuka ya kujifunga mwili mzima, birika mapajani, wanahesabu watu kama walimu. Wao ndio injini ya ile jumuiya.

Kaka Oran: Kweli tupu. Nilisoma Algeria, 27 Februari, siku waliyotangaza jamhuri yao mwaka 1976, hawalali.

Baharia2: Ngoja niseme langu. Novemba 2020 nilikuwa nimepanga na kijana wa kambi ya wakimbizi ya Smara, kule Tindouf, Algeria. Alikuja Hispania na miaka tisa, mmoja wa wale watoto wa kambini wanaopokewa na familia za Hispania likizo za kiangazi, akabaki kusoma. Tarehe 13 jeshi la Moroko likaingia Guerguerat, kule mpakani na Mauritania, usitishaji vita wa 1991 kati yake na wapiganaji wa Kisahrawi ukafa. Simu yake haikunyamaza. Usiku walijaa sebuleni, viatu hadi kwenye ngazi. Wazee wakasema: usiende vitani, baki, changa hela za dawa, andamana. Yeye kimya, anakunja nguo. Nikamshika mkono nikamwambia mdogo wangu, una kazi, una karatasi. Akanijibu: "Kaka, miaka 29 tunangoja kura ya kujiamulia mustakabali wetu." Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sijui yuko hai.

Binti Ilala: Jamani. Mama yake alijua?

Baharia2: Alimpigia akiwa njiani.

Nyeri Moja: Pole ndugu. Lakini nyinyi Watanzania mmewatambua tangu 1978, mmewafanyia nini?

Kaka Oran: Na nyie Wakenya? Septemba 2022 rais wenu alitangaza mtandaoni mnafuta kuwatambua, mara tangazo likafutwa!

MwanaTanga: Acheni hayo, mtu ana msiba hapa.

Mgeni Vitoria: Nina viza ya mwanafunzi. Niende kwenye maandamano ya Madrid mwaka huu?

Kaka Oran: Usithubutu, polisi wakikuandika umekwisha.

Binti Ilala: Nenda, yana kibali. Beba koti zito. Na wakikukaribisha chai usiinuke kabla ya glasi ya tatu, utawaudhi.

Nyeri Moja: Baharia, kambi ni Smara, sivyo? Daira gani, yaani mtaa gani wa kambi? Nina mtu anakwenda Tindouf na msaada wa vitabu, anaweza kuulizia.

Baharia2: Nakutumia jina lake pembeni sasa hivi.