Wana Mwanza, ulikuwa wapi alfajiri ile sirizi ya Game of Thrones inaisha? Tupeane uzoefu

Furu wa Kirumba
Juzi nipo Kamanga nasubiri feri, nasikia mama anaita: "We Khaleesi! Khaleesi! Toka huko majini!" Kikageuka kitoto cha darasa la kwanza, mua mkononi, sketi imelowa. Nikapiga hesabu ya umri, nikaona huyu kazaliwa kabla ya ile episodi ya kengele. Wazazi wake walimpa jina wakati mwenye jina, Daenerys mama wa majoka, bado anakata minyororo ya watumwa. Wangejuaje kwamba Mei 2019 atauchoma moto mji mzima, na kengele za kusalimu amri zimeshalia?
Donda langu likafumuka palepale jeti. Episodi 73, kuanzia 2011, halafu wakatumalizia vile. Haya, semeni. Ulikuwa wapi, na nani, na hasira ulimmalizia nani?

Sato Mbichi
Naweka kambi. Mimi hasira nilimmalizia bodaboda, masikini hakuwa na kosa.

Mjomba Pasiansi
Umenikumbusha mbali mkuu. Sisi tulikuwa saba, tunakesha kwa shemeji yangu maana ndiye pekee mwenye king'amuzi kilicholipiwa. Kwao Marekani inatoka Jumapili usiku, huku kwetu inakuwa saa 10 alfajiri ya Jumatatu. Bahati nzuri mfungo ulishaanza, nyumba nzima ipo macho. Mimi ni Mkristo ila Jumatatu zile mbili za mwisho nilikula daku kuliko waliofunga.

Sasa tulikuwa tumewekeana mbuzi. Kila mtu ataje nani atakalia kile kiti cha ufalme. Wanne wakasema Jon Snow, shemeji akasema Daenerys, mmoja Sansa, mimi nikajitia mjuaji nikasema Gendry. Mama yake shemeji, bibi wa watu, hajawahi kuangalia hata dakika 5 mfululizo. Ila kila akipita na sinia akamwona Bran kwenye kile kiti cha magurudumu anauliza, "Huyu si ana kiti tayari? Wenzake wanagombania nini?" Tukacheka mpaka machozi, tukamwandika na yeye kwenye karatasi kwa utani.

Siku ikafika. Jon kamchoma kisu Daenerys huku amemkumbatia, tukavumilia. Joka lake likayeyusha kiti chenyewe cha chuma, tukasema sawa, limefiwa. Ndipo Tyrion, mfungwa, pingu mkononi, anaanza kuwahubiria wakuu habari ya visa, eti nani ana kisa kizuri kuliko Bran. Nikamtazama shemeji. Kijiko cha uji kilikuwa njiani kwenda mdomoni, kikagoma. Shabani, mtu mpole kabisa, akauliza kwa sauti ya chini kama anayeuliza msibani: "Bran yupi?"

Hakuna aliyejibu. Ilipoisha tukabaki tunatazama majina yanapanda mpaka adhana ikatukuta. Uji umeganda. Shemeji alifunga siku ile bila daku.

Mbuzi akaenda kwa mama. Alimchinja Idi, akatualika wote saba, na kila akiweka nyama kwenye sahani anauliza, "Bran hajambo?"

Binti Nyakato
😂😂😂 Bran hajambo

Sato Mbichi
Mama apewe maua yake.

Fundi Projekta
Nyie mnalilia mwisho, mimi nilishafilisika episodi ya 3 ya msimu ule wa mwisho. Nilikuwa na banda umiza Mabatini. Vita ya usiku ile, giza tupu. Vijana wanapiga kelele, "Fundi ongeza mwanga!" Nikaongeza mpaka ukomo. Nikafuta kitambaa cha ukutani kwa fulana yangu. Mmoja akasema taa ya projekta imekufa, wakaanza kudai jero zao, nikarudisha. Kesho yake nasikia dunia nzima inalalamikia giza lilelile, na mpiga picha wao anajibu kuwa watu hawajui kurekebisha TV zao. Angekuja kuyasema hayo Mabatini saa 2 usiku.

Msoma Vitabu
Tatizo lenu mnategemea picha. Msimu wa 7 wakapunguza episodi kutoka 10 kuwa 7, wa 8 zikawa 6, mlitegemea nini? Kule mwanzo mtu akisafiri kwenda kaskazini anakula episodi tano njiani. Mwishoni anaamka huku, anakunywa chai kule, kama ana ndege. Daenerys kuwa mwendawazimu si kosa, kosa ni kuugua Jumapili moja na kufa inayofuata. Someni vitabu vya George R.R. Martin, ndiko kisa kilikotoka.

Sato Mbichi
Kitabu cha mwisho cha kisa hicho kutoka ni cha 2011. Unatutuma tukasome kitu ambacho mwenyewe hajamaliza kuandika?

Msoma Vitabu
Bora anayechelewa kuliko anayeharakisha.

Fundi Projekta
Maneno ya fundi cherehani hayo.

Binti Nyakato
Na huyo Bran mnayemlaumu, kijana aliyemwigiza alisema waandishi walimwambia wazo lilitoka kwa Martin mwenyewe. Kwa hiyo Msoma Vitabu jiandae.

Msoma Vitabu
Kila mtu na imani yake.

Mzee wa Karabai
Salaam wadau. Mwangaluka. Mimi sina king'amuzi wala kitabu, ila nina kisa.

Mwaka ule nilikuwa mwalo mmoja Ukerewe, nafanya kazi ya dagaa. Kulikuwa na banda la video linaendeshwa na jenereta, na mwenye banda ndiye msimulizi. Anapunguza sauti ya TV, anashika maiki, anasema wote yeye. Cersei anaongea kama mke wa tajiri wa mitumbwi. Tyrion ni dalali wa samaki. Majoka yalikuwa yanaongea Kikerewe, na walikuwa wanaoyaelewa.

Flashi ya mwisho ilivuka na meli kutoka Mwanza. Yule bwana akajifungia mchana akaiangalia peke yake. Alipotoka tulidhani kapigiwa simu ya msiba. Hakula. Usiku banda limejaa mpaka madirishani, wavuvi tupu, kila mmoja jero.

Akaanza vizuri. Ikafika pale Jon anamchoma kisu. Banda likapiga ukelele. Msimulizi akasema kwa upole: "Tulieni. Hajamuua. Anamtoa damu ya wazimu wa baba yake. Hii ni chuku." Watu wakashusha pumzi. Joka likaja, likayeyusha kiti. "Limejua kiti ndicho kilichompagawisha mama yake." Likambeba likaondoka naye juu ya maji. "Linampeleka ng'ambo kwa mganga." Wazee wakatikisa kichwa, ng'ambo kuna waganga kweli.

Bran akachaguliwa. "Huyu anashikilia tu. Ni mlezi wa kiti mpaka wenyewe warudi. Hana miguu, kwa hiyo hawezi kukimbia na hazina." Arya akapanda jahazi kwenda magharibi: "Anafuata nyayo za joka." Jon akatoka lango la kaskazini na watu wake: "Anamfuata mkewe kwa nchi kavu."

Jamani, kila picha iliingia mahali pake. Watu walitoka wanaimba. Mimi nilikuja kujua ukweli Mwanza miezi kadhaa baadaye, nikapigana na mtu nikimwambia haijui Game of Thrones.

Sasa subirini. 2022 ikatoka House of the Dragon. Nilikuwa nimerudi kisiwani. Banda lilelile. Anatokea binti nywele nyeupe kama za Daenerys, juu ya joka, anatabasamu. Banda zima likasimama: "AMEPONA!" Msimulizi akaweka maiki chini akatoka nje. Nilimkuta analia nyuma ya jenereta.

Binti Nyakato
Nimesoma mara mbili. Sina cha kuongeza.

Mkaguzi
Chai hii, tena ina tangawizi. Wavuvi wa dagaa kazi yao ni usiku. Banda lilijaaje wavuvi usiku?

Mzee wa Karabai
Mwanangu, dagaa anavuliwa gizani, anaifuata taa. Mbalamwezi ikiwaka karabai haina kazi, watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu na kudaiwa. Katazame mwezi ulikuwa mpevu tarehe ngapi Mei 2019.

Mjomba Pasiansi
Nimetazama. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19. Na sisi mfungo ulikuwa katikati. Mzee yuko sahihi.

Mkaguzi
Mwezi sawa. Ila House of the Dragon ni karibu miaka 200 kabla ya Khaleesi kuzaliwa. Yule ni bibi wa mabibi zake.

Fundi Projekta
Hao wavuvi ulitaka wajue kwa ramani?

Sato Mbichi
Mzee, msimulizi bado yupo? Kuna sirizi kama nne nataka anirekebishie.

Dada Igogo
Mimi nilikuwa nasoma tu, ngoja niandike. Jumatatu ile nililia kweli, si utani. Nilimpenda yule mwanamke miaka yote. Usiku macho bado mekundu, baba akanikuta barazani. Akakaa pembeni yangu, hakusema kitu muda mrefu. Kisha akasema, "Hata mimi kila mwaka ikifika hii tarehe siwezi kulala."
Ndipo nikakumbuka kesho yake ni tarehe 21 Mei. Baba mdogo alikuwa kwenye MV Bukoba mwaka 1996. Baba alidhani namlilia mdogo wake. Akanishika bega, akanisimulia jinsi alivyokuwa anapiga filimbi kwa vidole, kitu ambacho hakuwahi kunisimulia. Nikanyamaza. Mpaka leo sijamwambia.

Furu wa Kirumba
Pole sana dada. Usimwambie.

Msoma Vitabu
Mwambie tu, atacheka.

Binti Nyakato
Usithubutu.

Mama K
Naona nimetajwa. Huyo wa Kamanga mwenye mua ni wangu. Jina alichagua baba yake, mimi nilitaka Neema. Bibi yake anamwita Kalisi, shuleni wameandika Kalesi, na yeye ameanza kuuliza maana yake. Nimjibu nini?

Sato Mbichi
Mwambie ni malkia, ishia hapo.

Mkaguzi
Mwambie ukweli wote akifika darasa la saba.

Mjomba Pasiansi
Mpeleke Ukerewe akasimuliwe.

Mkaguzi
Mzee wa Karabai, tuseme nimekubali. Swali moja tu. Yule mbwamwitu mweupe wa Jon, aliyekatika sikio, kule mwisho wanapokutana. Msimulizi alimpa maneno gani?

Mzee wa Karabai
Hakumpa. Maiki ilikuwa mkononi, tukangoja. Akasema tu, "Huyu anajua," akazima jenereta.