Gotham: Mbona kila mtu anamlilia Jerome na kumsahau Penguin wa leseni?

MzeeWaFlashi (Nakuru)

Wadau, salamu kutoka Kaptembwa. Mimi ndiye yule wa kujazia watu muvi kwenye flashi pale karibu na steji, na kazi hii inakufundisha ladha ya mteja kabla hajafungua mdomo. Kijana akiingia na kutaja Gotham, ule mfululizo wa TV wa mji wa Batman kabla hajawa Batman, swali linalofuata nalijua: "Yule wa kucheka yuko msimu gani?" Hana haja ya kuanza mwanzo. Hana haja ya kujua Gordon, yule polisi stelingi, alifikaje pale. Anataka Jerome, yule muuaji kichaa wa kucheka, basi.

Sina ugomvi na Jerome. Cameron Monaghan aliigiza mpaka ukahisi baridi mgongoni. Lakini mimi nasema, na mnipinge mkitaka, kwamba adui aliyeubeba mfululizo ule ni Oswald Cobblepot, ndiye Penguin mwenyewe, na kitu cha kutisha kuliko vyote walivyowahi kuandika ni zile leseni za msimu wa 4. (Ambaye hajafika huko apite, nitamwaga kila kitu.)

Mnakumbuka ilivyokuwa? Penguin amefungua klabu yake, Iceberg Lounge, na katikati ya ukumbi amemsimamisha Nygma, rafiki yake aliyegeuka adui, ndani ya barafu kama pambo la harusi. Halafu anatangaza utaratibu. Ukitaka kuiba Gotham, unachukua leseni kwake na unamkatia fungu lake. Polisi wakikukuta, unatoa karatasi, wanageuza shingo. Usipokuwa nayo, anakutembelea muuaji wake, Victor Zsasz, na Zsasz huwa haji kunywa chai. Uhalifu unashuka. Meya anatabasamu. Bullock, ambaye ndiye kapteni wa polisi wakati huo, bahasha zinamfikia na anawaambia wenzake watulie. Mji mzima umelala vizuri isipokuwa Gordon.

Hapo ndipo niliposimamisha nikaweka rimoti chini. Jerome akivamia mahali, unajua ni uovu, unakimbia. Lakini huu wa Penguin una risiti! Mama mwenye duka anajua ataibiwa na nani na lini, na anashukuru kwamba siku hizi angalau wanaiba kwa adabu. Mimi nimefanya biashara kando ya barabara muda mrefu, nimelipa vijana wa pale "pesa ya kulinda" na nikalala usingizi. Sikuhitaji mtu anieleze Penguin anauza nini.

Sasa swali langu. Kwa nini waandishi waliliacha wazo kama lile life mapema hivyo, na kwa nini mashabiki hawalisemi kabisa? Ni kicheko tu ndicho kimewajaza masikioni?

Omera_Kondele (Kisumu)

Mzee, heshima yako, lakini hapa umeteleza mpaka mtoni.

Gotham nzima kila mtu ana bei. Wakubwa wa mafia, Falcone na Maroni, wana bei, kamishna wa polisi Loeb ana bei, Bullock umemtaja mwenyewe. Hata Gordon ukimbana anakuja na ombi. Penguin ni hodari kwa sababu anazijua bei zote, na hilo nakupa bila kubishana. Lakini ndiyo maana Jerome anapotokea pale kwenye sarakasi ya Haly, msimu wa 1, analia kwa ajili ya mama yake aliyeuawa, kisha kilio kinageuka kicheko na tunajua ni yeye aliyemuua, nyumba yetu nzima ilinyamaza. Huyu hauzi. Hanunuliki. Utampa nini?

Halafu angalia safari yake. Galavan, tajiri aliyekuwa akimtumia, anamchoma kisu shingoni mbele ya watu msimu wa 2, anakufa akitabasamu. Msimu wa 3 yule Dwight, mfuasi wake, anajaribu kumfufua, anaona haifanyi kazi, anamchuna uso ajivike yeye. Jerome anaamka bila uso, anaufuata, anaurudisha kwa pini za karatasi. Pini, mzee! Leseni yako itashindana na nini hapo?

Na walipokutana Arkham, ile hospitali ya wahalifu vichaa, seli kwa seli, Jerome alimchezea Penguin wako kama mpira wa makaratasi.

Kijana_Lanet

Mfululizo ulikufa msimu wa 3 walipoleta ile damu ya Tetch ya kugeuza watu vichaa. Nilizima. Kuna mtu ana vipindi vyote? Bando langu halifiki popote.

Nasimiyu_W (Bungoma)

Naona wanaume mmejipanga, mmoja na kicheko chake, mwingine na karatasi zake. Karibuni basi niwaulize: leseni ziliangushwa na nani?

Si Gordon. Gordon alipiga kelele wee, akapigwa, akaenda mpaka Miami kumwomba Carmine Falcone msaada. Aliyekuja ni bintiye, Sofia, na Sofia hakugusa leseni hata moja. Alipika chakula. Alimkandakanda Penguin miguu. Aliangalia alichopoteza yule mtu, akaona ni mama, akajenga mtego kuzunguka pengo hilo. Akamwekea na mtoto Martin, yule asiyesema, mwenye kidaftari shingoni, na Penguin aliyekuwa akiukaba mji mzima akaanza kumfundisha mtoto namna ya kuwachonganisha wanaomwonea shuleni. Ile sehemu mimi nilicheka na kuhuzunika kwa pamoja. Mwisho akamsingizia kumuua mtoto huyo huyo, na Zsasz akasimama akatoa ushahidi. Hivyo ndivyo Penguin alivyofika Arkham, Omera, kabla ya huyo Jerome wako kumkuta amevunjika tayari.

Mimi huangalia nikitoka zamu ya usiku, usingizi ukigoma, na nimegundua kitu. Kila pigo kubwa linalompata Oswald linapitia kwenye mapenzi. Gertrud, mama yake, aliuawa kwa kisu mgongoni na Tabitha, dada yake Galavan, akafia mikononi mwake. Baba yake, Van Dahl, hawakukaa sana, mama wa kambo akamwekea sumu. Na Penguin alivyomlipa yule mama wa kambo, nisiulizwe, nilikuwa na sahani ya nyama mbele yangu. Akampenda Nygma, akaua mwanamke wa Nygma kwa kukata breki za gari, Nygma akampeleka gatini akampiga risasi. Jerome alimpoteza nani? Mama aliyemuua mwenyewe. Adui asiye na cha kupoteza anatisha kwa dakika arobaini, halafu nazima taa nalala.

Na Fish Mooney mmemruka kabisa. Huyu bosi wa genge hakutoka kwenye vitabu vya katuni, walimtunga kwa ajili ya mfululizo huu, Jada Pinkett Smith akamvaa mpaka ukadhani alikuwepo tangu zamani. Penguin alianza kwa kumshikia huyu mwavuli. Kutembea kwake kwa kuchechemea ni kazi ya kiti cha Fish.

MzeeWaFlashi (Nakuru)

Dada Nasimiyu, ulipaswa kuwa umefungua uzi huu wewe.

Omera, hapo kwenye Arkham umekata stori katikati. Ni kweli Jerome alimdhalilisha, akamlazimisha kumchekesha kama mwigizaji wa sokoni. Lakini mwisho wake Penguin alimtandika Jerome mpaka akajaa damu, na Jerome akafurahi, akasema huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta. Kwa hiyo hata shujaa wako alipiga foleni kupata kitu kutoka kwa Oswald.

Hoja yako ya bei ni nzito, siikatai. Ila naona imegeuka upande wangu. Mtu asiye na bei hawezi kuendesha mji. Anaweza kuuchoma tu, kisha mji unajengwa upya na wale wale wenye bei. Ona baada ya Jeremiah, ndugu yake, na yale mabomu ya madaraja: msimu wa 5 mji umekatwa na dunia, na nani anatengeneza risasi na kuwauzia wengine? Oswald. Hata jehanamu alipata mlango wa kufungulia duka.

Mwalimu_Mstaafu (Kakamega)

Wanangu, nimewasoma nikiwa na kikombe changu, na ninyi nyote mmemwacha mhalifu mmoja akapita katikati yenu amevaa beji.

Rudini mwanzo wa msimu wa 2. Gordon ameshushwa, amefanywa polisi wa kuongoza magari, mkubwa wake Loeb anamchukia. Anakwenda kwa nani? Kwa Penguin. Penguin anamwambia: kuna mtu ana deni langu, nenda kalichukue. Gordon anakwenda. Mwenye deni, Ogden Barker, anafia kwenye risasi ya Gordon wakikimbizana. Usiku Penguin na Zsasz wanamtembelea Loeb nyumbani, asubuhi Loeb amejiuzulu, Gordon amerudishiwa kazi. Baada ya hapo, msimu huo huo, anamfyatulia Galavan risasi huku Penguin amesimama pembeni na rungu, na anaongopa kuhusu hilo.

Kwa hiyo MzeeWaFlashi, leseni hazikuanza msimu wa 4. Ya kwanza alipewa Jim Gordon, na alilipia kwa mtu aliyekufa. Msimu wa 4 Penguin aliwachapishia wengine tu. Ndiyo maana Gordon anapokuja juu kwa hasira namtazama kwa jicho la pembeni. Ben McKenzie aliigiza hasira hiyo kama mtu anayejua hasemi yote.

Omera_Kondele (Kisumu)

Mwalimu umetuua.

Bado nampenda Jerome lakini.

Nasimiyu_W (Bungoma)

Mwalimu, shikamoo. Hilo la Barker nilikuwa nimelisahau kabisa, na sasa siwezi kumwangalia Gordon vile vile.

Ambaye amemaliza Gotham na anataka Sofia mwingine, atafute The Penguin ya HBO, 2024, vipindi 8. Colin Farrell ndiye Oz, yaani Penguin, na Sofia ni Cristin Milioti aliyepata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo mwaka 2025. Kipindi cha 4 ni chake karibu chote. Kuhusu huyo Oz na mama yake sitasema neno, ila msiangalie na mama zenu.

MzeeWaFlashi (Nakuru)

Mwalimu, nimeuchukua huo mstari wa leseni ya kwanza na nitawauzia wateja wangu kama wangu, nisamehe mapema.

Ila nakupinga kidogo. Gordon alipolipa deni lile alijichukia, tulimwona. Penguin hakujichukia hata siku moja kwa sababu ya biashara, alijichukia kwa sababu ya watu aliowapoteza. Hapo ndipo ninapowatenganisha, na ndiyo sababu Gordon namwacha upande wa stelingi, ingawa viatu vyake vina matope.

Kijana_Lanet, huo mfululizo ni vipindi 100, misimu 4 ya 22 na wa mwisho 12. Usije na ile flashi ndogo ya kubeba nyimbo. Na nikikuwekea, utaanza pale gatini, Gordon anapompiga Oswald risasi ya uongo na kumsukuma majini. Ukiniuliza yule wa kucheka yuko wapi, bei inapanda.